Pigo Lililotoka Chini

Sura ya Saba

Josiane aliipasua nyanya kwa vidole. Aliibinya mpaka ikafunguka, akaitia kwenye sahani ya sambaza, wale visamaki wa ziwa la kwao, akachukua nyingine akaifanya vivyo hivyo. Veridiana alikuwa amekuja katika nyumba hii ya mtaa wa Kensington-Bailey na maswali sita aliyoyaandika vizuri kwenye daftari, na hapo hapo akaongeza la saba.

Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya mawakili wa utetezi mjini Buffalo. Wakili alisimama mahakamani kwa suti. Veridiana alipanda ngazi za watu kwa raba. Mrundi aliyelelewa kambini Kibondo, upande wa Tanzania, alijua tangu utotoni kwamba mgeni hupewa chakula kwanza na ukweli baadaye, na hakuwa na mazoea ya kukataa kimojawapo. Akanawa, akala, akasifia. Sambaza walikuwa wamekaangwa hasa.

"Mama Aksanti, hamna kisu humu ndani?"

"Bon, visu zilipotea wakati tulihama."

"Mlihama lini?"

Josiane aliitazama nyanya. "Ile mwaka ingine."

Mwaka mzima bila kisu, katika nyumba yenye sufuria kubwa namna ile. Veridiana aliandika neno moja kwenye daftari akaendelea kula.

Kesi yenyewe, ukiisoma kwenye karatasi, ilikuwa fupi ya kusikitisha. Mama yake Josiane, Nzigire, mwenye miaka hamsini na nane, alikuwa ameshtakiwa kwa kumvunja mkono mkwe wake, Jules, kwa fimbo ya henzerani, uani mwa nyumba hii, saa nne asubuhi ya tarehe kumi Machi. Jirani aliona kutoka dirishani akawapigia polisi. Mahakama ilimwamuru Nzigire asimkaribie Jules wala kumtumia salamu, kwa hiyo sasa alilala kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, mbali na wajukuu zake. Mwendesha mashtaka alikuwa amempa mpaka Ijumaa akiri kosa ili apunguziwe adhabu. Akikiri, angeweza kunyang'anywa kadi yake ya ukaazi na kurudishwa nchi aliyoikimbia miaka ishirini na miwili iliyopita.

Na Nzigire alitaka kukiri. Hilo ndilo lililomkera Veridiana. Leo ilikuwa Jumanne.

Jules alitoka chumbani mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita, mfanyakazi wa zamu ya usiku kwenye ghala, shemasi wa kanisa, na ndevu zake zilikuwa zimekua hovyo mpaka shingoni. Alisalimia kwa adabu. Kila swali alilijibu kwamba hakumbuki, kwa upole uleule. Veridiana alipomuuliza kama anamwogopa mama mkwe wake, alisema hapana, hilo analikumbuka vizuri, kisha akarudi chumbani.

Ukutani palikuwa na picha ya siku aliyofanywa shemasi. Ilipigwa Krismasi iliyopita, na mashavu yake yalikuwa laini kama ya bwana harusi.

Basi Veridiana akajenga dhana yake ya kwanza, nayo ilikuwa nzuri, ikakaa vizuri kichwani. Visu vya nyumba hii vimefichwa. Huficha visu anayemwogopa mtu. Huenda mama aliingia kati kumtetea binti. Akangoja maji ya bomba yaanze kutiririka kwenye sinki, akamuuliza Josiane kwa sauti ya chini kama mume wake amewahi kumwinulia mkono.

Josiane aligeuka akamtazama kana kwamba ameuliza kama mwezi unalipa kodi. "Jules? Jules hata panya anaiomba pardon." Kisha akageukia sinki, akaosha sahani ambayo ilikuwa tayari safi.

*

Chumba cha kanisa kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na picha za wajukuu zilizobandikwa kwa utepe. Nzigire alimpa Veridiana kiti, yeye akakaa kitandani, mgongo umenyooka. Alikuwa amerudi kazini sasa hivi. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa akihudumia wazee, kwanza kwenye nyumba ya wazee ya Highview, kule kusini mwa Louisville, na sasa hapa Buffalo. Huwaogesha, huwavisha, huwanyoa ndevu asubuhi. Mikono yake ilinuka sabuni ya kunyolea.

"Nilimupiga," alisema. "Nilisha andika na barua. Unatafuta nini ingine?"

Barua hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Siku tatu baada ya tukio, wazee wa kanisa walikaa kikao, Nzigire akaandika kuomba msamaha, wakaomba pamoja, wakanywa chai. Mchungaji Ndahiro, kwa nia safi kabisa, akaichukua barua ile akaipeleka polisi mwenyewe ili waone kwamba mambo yamekwisha. Polisi walimshukuru sana. Waliiweka kwenye faili kama ungamo. Tangu siku hiyo mchungaji wa watu alikuwa hali chakula vizuri.

Veridiana alikuwa na nakala. Aliisoma tena mbele ya mwenyewe: *Naomba musamaha kwa mukwe wangu na kwa kanisa. Nilimupiga. Nilimushika shingo. Nilimwita kwa jina yake.*

Mwendesha mashtaka alikuwa amepiga mstari wa wino mwekundu chini ya neno shingo. Jirani naye alikuwa ameeleza kwamba baada ya mapigo mawili mwanamke alimkaba mwanaume shingo kwa mkono wa kushoto, wakaanguka wote wawili. Lakini sentensi ya tatu hakuna aliyeigusa. Mzungu asome aone nini? Mtu kuitwa jina lake ni kosa gani? Veridiana, aliyelelewa na nyanya wa Kirundi, alijua. Mama mkwe na mkwe wa kiume hupishana mlangoni kwa heshima, hawagusani, na jina halitamkwi. Kwa miaka tisa Nzigire alimwita Jules "Baba Aksanti", kwa jina la mtoto wake mkubwa. Mwanamke huyu hakuungama kujeruhi. Aliomba radhi kwa kuvunja mwiko mara tatu, na angeiomba hata kama alikuwa na haki zote za dunia.

"Mama, kwa nini ulimwita jina?"

Nzigire alizitazama picha za wajukuu. "Andika vile nilisema," alijibu.

Veridiana hakubishana naye. Alitoa picha ya fimbo kutoka kwenye faili ya polisi. Ilikuwa na urefu wa mkono, laini kwa kushikwa, na kwenye kitako paliunguzwa herufi ndogo: *Erlinda, Highview*. Akamuuliza huyo ni nani. Kwa mara ya kwanza Nzigire alitabasamu, akasema ni mwalimu wake, nesi Mfilipino aliyefanya naye kazi Louisville. Kisha akakumbuka kwamba ameapa kunyamaza, akaufunga mdomo.

Simu tatu zilitosha. Nesi Erlinda alikuwa amestaafu, akahamia Columbus kwa binti yake.

*

Buffalo mpaka Columbus ni saa tano za barabara, na Jumatano ile zilikuwa saa tano za mvua. Mlango ulifunguliwa na kibibi kifupi cha miaka sabini, kimevaa ndara, kilichouliza kabla ya jambo lolote kama Nzigire anakula.

Veridiana alisema anakula kidogo. Erlinda alisonya, akampeleka jikoni, akampakulia wali. Ndipo akaeleza. Baba yake alikuwa mkata miwa kisiwani Cebu, naye ndiye aliyemfundisha eskrima, mapigano ya fimbo na visu ya Kifilipino. Kule Highview alikuwa akiwafundisha wenzake wakati wa mapumziko, nyuma ya jengo, maana mgonjwa aliyepotewa na akili huweza kuokota uma akakujia nao, nawe huna ruhusa ya kumuumiza. Wengi walikuja wiki mbili wakachoka. Nzigire alikuja miaka sita.

"Tofauti yake na karate ni nini?" Veridiana aliuliza. Mwendesha mashtaka alikuwa ameandika kwamba mshtakiwa amefuzu sanaa ya kuua.

Erlinda alicheka mpaka akakohoa. Kwa wengine, alisema, mwanafunzi huanza na ngumi tupu, na silaha, kama ipo, huja baada ya miaka. Kwao fimbo hutiwa mkononi siku ya kwanza; mkono mtupu ndio huja baadaye, nao hupita njia zilezile za fimbo. Hawafundishi silaha mojamoja. Wanafundisha njia ambazo pigo hupitia, kwa namba, na ukishazijua, upewe panga, mwavuli au gazeti lililokunjwa, kazi ni ileile. Wala mkono wa pili haukai bure. Wanauita mkono hai: huufuata ule wenye fimbo, ukashika, ukazuia, ukavuta.

"Na mnapiga wapi?"

"Mkono. Nyoka ukimng'oa meno anabaki mnyama mrefu tu. Wengine wanampiga mtu. Sisi tunaupiga mkono wenye silaha, ili mtu tumbakishe."

Veridiana aliweka kijiko chini. Alitoa picha za eksirei, akamweleza yaliyomo. Mfupa mmoja wa mkono ulikuwa umevunjika, ule wa upande wa kidole cha mwisho. Vifundo vya vidole viwili vya mwisho pia vilikuwa vimevunjika. Kulikuwa na mchubuko mdogo chini ya taya, ambao daktari alidhani ni ukucha. Kichwani hapakuwa na kitu, wala mbavuni. Mwendesha mashtaka alisema Jules aliinua mkono kujikinga kichwa, na mfupa ule ndio huvunjika mtu anapojikinga.

"Jikinge," Erlinda akasema.

"Nini?"

Erlinda alikuwa tayari ameinua mwiko wa wali. Veridiana akaurusha mkono juu ya kichwa.

"Angalia vidole vyako."

Vilikuwa vimefunguka vyote vitano, vimetawanyika, kila kimoja kinajitafutia pa kwenda.

"Kila mtu hufanya hivyo," Erlinda alisema. "Mkono unaojikinga hufunguka. Huyu vifundo vyake vimevunjika akiwa amekunja ngumi. Alikuwa ameshika kitu."

Veridiana alilivuta daftari lake. Kisu, basi. Dhana yake ya kwanza ilikuwa inasimama kwa miguu miwili. Erlinda alimpa mwiko, akamwambia amshambulie. Veridiana aliunyoosha kuelekea kifua cha bibi, na kabla hajajua kilichotokea kijiti alichokinyakua bibi mezani kilikuwa kimemgusa mgongo wa mkono kutoka juu, na mwiko uko sakafuni.

"Mkono unaonijia naupiga hivyo, uanguke. Nikiupiga kutoka chini, nitakiinua kisu kije usoni pangu. Nzigire hawezi kukosea hilo hata usingizini."

"Lakini huyu amevunjika upande wa chini wa ngumi. Alipigwa kutoka chini."

"Naona."

Erlinda alizitazama picha kwa muda mrefu. Mvua ilipiga dirishani. Kisha akauokota mwiko, akaurudisha katika ngumi ya Veridiana, akaishika ngumi ile kwa mikono yake miwili kama anayemshika mgonjwa, akaigeuza polepole mpaka ncha ya mwiko ikawa karibu na shingo ya Veridiana mwenyewe.

"Ukiwa hapa," alisema taratibu, "siwezi kupiga kutoka juu. Nitakikandamiza kisu kiingie. Iko njia moja tu." Akavigonga vidole vya mwisho kutoka chini, kidogo tu, na mwiko ukaruka kando, mbali na shingo.

Veridiana alikaa. Dhana yake ya kwanza ilikuwa imekwisha, na mahali pake palikuja nyingine ambayo alitamani isingekuja. Mtu akiogopwa na mkewe, visu vitafichwa. Lakini wembe? Wembe wa kunyolea haumtishi mke. Jules hakuacha kunyoa kwa uvivu. Nyumba ile ilikuwa imeficha kila chenye makali, ikamfichia yeye, na ndevu zikaota juu ya ule mchubuko ambao haukuwa wa ukucha.

"Mkono wake wa kushoto ulifanya nini?" Erlinda aliuliza.

"Shahidi anasema alimkaba shingo."

Bibi yule akapeleka mkono wake wa kushoto nyuma ya shingo ya Veridiana, akamvuta, akakilaza kichwa chake begani pake, akakishikilia hapo. "Hivi?" alisema.

Machozi yalikuwa yamemjaa Veridiana, na hakuona sababu ya kumficha mwanamke aliyemlisha.

*

Alhamisi asubuhi, Jules alikuwa peke yake, amekaa kwenye ngazi za uani. Veridiana alikaa ngazi ya chini yake, wote wakitazama upande mmoja.

"Sikuulizi kama alikupiga," alisema. "Nakuuliza kisu kilielekea wapi."

Treni ya mizigo ilipita mbali, ikapita yote.

"Kwangu," Jules alisema.

Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Mdogo wake alikufa vitani huko nyumbani, mwezi wa pili. Alimpigia simu mara sita usiku ule, naye Jules alikuwa zamu, na ghalani simu za wafanyakazi hufungiwa kwenye makabati mpaka asubuhi. Alizikuta zote sita, na hakuna aliyepokea alipopiga. Josiane aliona hali yake, akaficha visu, akaficha wembe. Hakukumbuka kwamba mumewe ana kisu cha kazini, cha kufungulia maboksi. Nzigire alikuwa uani anafanya mazoezi yake ya asubuhi na fimbo. Hakupiga kelele. Alipiga mara mbili, kisu kikarukia majani, kisha akamshika.

"Aliniita Jules," alisema. "Alisema, Jules, kaa na miye. Tangu mama yangu alikufa, hakuna mutu aliita jina yangu vile." Alijifuta uso kwa bega, maana mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta. "Nilimuomba asiseme kwa mutu. Donc hakusema. Nilizania watamuachilia, juu hakuiba, hakuua. Kumbe amekubali jina yake ichafuke juu ya yangu."

"Anataka kukiri kesho. Wanaweza kumrudisha Kongo."

Jules aligeuka. Hilo hakuwa ameambiwa. Nyumba nzima ilikuwa imemfichia, pamoja na visu.

"Na wewe," Veridiana akauliza, "leo bado unawaza kufanya vile?"

"Siku ingine, ndiyo. Leo hapana."

Veridiana aliuliza kama ameonana na mtu yeyote juu ya hilo. Hakuwa ameonana na yeyote, kwa aibu. Basi kabla ya hati yoyote Veridiana alipiga simu, Jules akisikiliza na kukubali, kwenye zahanati moja yenye mshauri anayezungumza Kiswahili, wakapata nafasi jioni ileile. Akampigia Josiane arudi kutoka kazini. Ndipo akafungua daftari.

"Kanisa litajua," Jules alisema.

"Itajua mahakama. Kanisa utaliambia wewe, siku utakayotaka."

Jules alisema, Veridiana akaandika, akamsomea. Kisu walikipata majanini chini ya uzio, kimeshika kutu; Veridiana alikipiga picha kilipolala. Jules alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka, kisha akaomba karatasi irudi aongeze mstari mmoja kwa mkono uleule. Ulimchukua dakika tano. Veridiana aliondoka Josiane alipoingia, si kabla.

*

Saa tisa alasiri wakili alimpigia. Mwendesha mashtaka amesoma, amezitazama picha, ameomba Ijumaa iahirishwe, na amri ya kutokaribiana ataomba mwenyewe iondolewe. Wakili alisema kesi haina miguu tena, kwa sauti ya mtu aliyetaka kuimba akakumbuka yuko ofisini.

Nzigire alipoambiwa, alikasirika. "Nilimupa neno yangu."

"Hujalivunja, Mama. Ni yeye mwenyewe aliyesema. Hata salamu siruhusiwi kukuletea kutoka kwake mpaka amri iondolewe. Lakini hati ya kesi yako, una haki ya kuisoma."

Akaiweka kitandani. Nzigire alivaa miwani, akasoma taratibu, kidole chini ya kila mstari. Alipofika mwisho, kwenye zile herufi za mkono wa kushoto, kidole kilisimama. *Naomba murudishe mama yangu kwa nyumba.*

Alirudia kusoma. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa, akasoma mara ya tatu.

"Ndevu, iko nayo bado?"

"Nyingi, Mama."

"Josiane asimupe wembe. Nikirudi, nitamunyoa miye mwenyewe. Wazee ngapi nilinyoa, yeye ndiye atanishinda?"

Veridiana alimkumbusha, kwa heshima, kwamba mama mkwe hamgusi mkwe wake.

Nzigire aliikunja hati mara nne, akaitia chini ya mto. "Nilisha andika barua ya musamaha moja," alisema. "Nitaandika ya pili."